Mbuzi Aliyenirudishia Mdomo

Kama umeamka asubuhi, ukajaribu kunywa chai, na chai ikateremkia shingoni badala ya kooni, wewe ndiye ninayekuandikia. Usiogope. Nenda hospitali kwanza, tena leo hii, usingoje Jumatatu. Ukirudi nyumbani na dawa zako, kaa chini usome haya, kwa sababu mimi nimepitia hiyo njia, na sasa naongea mpaka majirani wananiomba nipumzike.

Jina langu si lazima. Ukifika soko la Ikutha siku ya mbuzi, uliza broka mrefu mwenye kofia ya ngozi, utaonyeshwa. Shule niliacha darasa la nne na sijutii, maana wale walioendelea ndio wananiuzia mbuzi kwa bei ninayotaka mimi. Nilianza na jogoo mmoja. Leo nina nyumba ya mawe, tangi la maji kubwa kuliko la kanisa, na lori la kupeleka mbuzi Kasikeu mpaka Nunguni, kule juu kwenye baridi ambako mtu hawezi kulala bila supu. Yote hayo nimeyajenga kwa mdomo. Wengine wana shamba kando ya mto, wengine wana digrii ukutani. Mimi nilikuwa na mdomo.

Na ndio huo ulionigeuka.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mbaazi, vumbi kila mahali. Nilikuwa nimemshika beberu mgongoni, nabishana bei na mchinjaji mmoja wa Nunguni, mtu mgumu kama kwato. Katikati ya maneno, maneno yakaisha. Nilijua ninachotaka kusema lakini ulimi ulilala kama umechoka. Mchinjaji akafikiri huo ni ujanja mpya wa biashara. Akaongeza bei. Nikazidi kumkodolea macho. Akaongeza tena, akaapa kwamba hapo ndipo mwisho. Mate yakaanza kunitoka upande mmoja, na yule bwana, kwa vile alidhani namdharau, akaongeza mara nyingine. Hiyo ndiyo bei nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kwa beberu, na nilianguka chini kabla ya kuipokea.

Daktari alisema ni kiharusi kilicholetwa na presha. Mambo ya mishipa alimweleza mke wangu, siyo mimi, na mimi sitayaeleza hapa. Nitakueleza ninayoyajua. Mguu wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyenikodishia. Mkono wa kulia uliweza kushika kikombe lakini haukujua kukiachia. Uso ulishuka upande huo, na midomo haikufungana. Jaribu wewe kusema "mbuzi" bila kufunga midomo. Broka wa mbuzi asiyeweza kusema mbuzi. Watu wa soko walicheka mpaka nami ningecheka, kama ningeweza.

Lakini si soko lililoninyima usingizi. Ni Ndinda.

Ndinda ni kitinda mimba wangu, mwalimu wa chekechea hapa Ikutha. Kijana mmoja wa Kasikeu, Mutuku, fundi wa stima, alikuwa amemwomba, na watu wake walikuwa tayari kuleta mbuzi wa ntheo kabla ya mvua ya Machi. Kama wewe si wa kwetu, jua hivi: Ukambani binti hajaolewa, hata akiwa na pete na picha, mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao, mmoja achinjwe, na familia mbili zimle pamoja. Na kwa ukoo wetu kisu hakitoki mpaka baba wa binti asimame mbele ya watu na kusema kwa mdomo wake mwenyewe: mbuzi nimewaona, nimewapokea, na mtoto nimewapa. Hayo tu. Sasa yaseme polepole, uone yalivyojaa zile sauti za kufunga midomo. Ni kama wazee waliyatunga wakijua mimi nitakuja kuugua.

Kaka yangu Musembi, mzee wa kanisa, alikuja wodini na ndizi. Akaketi, akazila yeye mwenyewe, akamwambia mke wangu kwamba hakuna haja ya kuwachelewesha watu wa Kasikeu, yeye yupo, yeye ni mkubwa, atasema kwa niaba yangu. Wakati wote huo alikuwa akiitazama kofia yangu iliyoning'inia kwenye msumari. Ndinda alikuwa akinikata kucha. Hakuinua kichwa.

"Baba mkubwa, kama si Baba atakayesema, hao mbuzi warudi Kasikeu."

Musembi akacheka, akasema mtoto ana utani. Mimi nilimjua Ndinda. Hakuwa na utani. Kwa hiyo pale kitandani nilielewa kazi yangu: nijifunze sentensi moja kabla ya mvua ya Machi, la sivyo binti yangu azeeke kwangu kwa sababu ya midomo yangu.

Wakaniruhusu kwenda nyumbani, na maisha yakawa ya kliniki. Benchi la kliniki ya presha linaanza kujaa kabla jua halijachomoza, na mimi nilikuwa nafika kabla ya benchi lenyewe. Siku ya kwanza mashine ilinibana mkono, sista akasoma, akaita mwenzake naye asome. Niligeuka kuona kama watu wa benchi wameshuhudia. Sijawahi kuwa wa pili kwa kitu chochote maishani, na siku hiyo pia sikuwa. Hapo nilipata rafiki, mzee mmoja dereva wa trekta ambaye mdomo wake ulikuwa umekwenda kushoto wakati wangu umekwenda kulia. Tulikuwa tunaketi bega kwa bega, na mtu akitutazama kutoka mbele angedhani tunanong'onezana siri. Hatukuweza kuzungumza hata neno moja la kueleweka. Tulielewana sana.

Binti wa mazoezi, msichana mpole mwenye viatu vyeupe, aliniambia nisimame mbele ya kioo kila asubuhi nikunje uso, nipulize mashavu, nitoe ulimi, nicheke meno yote nje. Nilimtazama. Mimi, mtu wa lori, nikunje uso kama nyani. Nilifika nyumbani nikakigeuza kioo kitazame ukuta.

Huko nyumbani nako hakukuwa kuzuri. Mke wangu alikuwa ananilisha uji kwa kijiko, ananipangusa, ananivalisha soksi, na mimi nilikuwa namlipa kwa kununa. Siku moja nilikipiga kijiko kwa mkono, uji ukaruka mpaka kwenye kalenda ya kanisa. Hakulia, hakupiga kelele. Alichukua kitambaa, akapangusa kalenda kwanza, kisha mimi.

"Baba Ndinda, ulinioa ukiwa na maneno mengi nikakuvumilia. Usifikiri nitashindwa na kimya."

Kisha akachukua kijiko kingine.

Na kanisani. Mvua ilikuwa imechelewa, watu wamekausha macho kwa kutazama mawingu, mimi nikaona nisimame Jumapili nitoe shukrani kwa kupona nusu. Nilitaka kuwashukuru walionitembelea na kuomba dirisha la nyuma lifungwe kwa sababu ya upepo. Yaliyotoka yalikuwa kama sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, inayochemka. Akina mama wakainua mikono. Mmoja akaanza kulia kwa furaha. Kabla sijajua nini kinaendelea, Musembi alikuwa amesimama, amefumba macho, analitafsiria kanisa zima lugha niliyopewa na Roho: mvua itanyesha wiki hii. Nilitikisa kichwa kukataa, wakaona natetemeka kwa nguvu kutoka juu. Na bwana, ikanyesha Alhamisi. Hata leo kuna watu wananiuliza kama watapanda pojo au wangoje. Sifa alichukua Musembi, na dirisha halikufungwa.

Hiyo mvua ndiyo iliyoniletea dawa. Shule zilifungwa, na wajukuu wangu wawili wanaoishi nasi, Mwende na ndugu yake mdogo Kioko, wakawa ndani siku nzima. Baba yao, kijana wangu mkubwa, yuko kazini Mlolongo. Nje ni matope, ndani ni kelele. Ndinda naye alikuwa likizo, na kumpa mwalimu wa chekechea likizo ni bure, haachi. Alisogeza makochi ukutani, akawafanya watoto wacheze maigizo sebuleni kwangu, juu ya zulia ambalo hata mchungaji huvua viatu akilikanyaga.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kioo. Wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja ni mtu, mwingine ni kioo. Chochote mtu anachofanya, polepole, kioo kinafanya vilevile, na ukicheka umeshindwa. Halafu ukaja wa simba na panya: Ndinda akisema simba, unaufungua uso wote, mdomo, macho, pua, mpaka masikio yasogee, akisema panya, unaukusanya uso wote pamoja uwe mdogo kama kifungo cha shati. Nilikuwa kwenye kiti changu nimejifanya nasinzia. Niliona ni upuuzi. Nilipokuwa mtoto, mtu akitukuta tunakunja uso alitutuma kuni.

Kisha wakacheza hospitali. Ndinda aliwaambia kila mtu achague mgonjwa. Mwende akavaa kofia yangu ya ngozi ikamfika puani, akatoka chumbani akivuta mguu wa kulia, mkono umekunjwa kifuani, mdomo ameupeleka upande, na uso mzima umejaa hasira ya mtu mwenye lori. Akafika kwa Kioko, aliyekuwa sista na kikopo cha mafuta ya kujipaka, akamsukuma ili awe wa kwanza kwenye foleni. Mke wangu alitoka jikoni kuwachapa. Alitutazama wote wawili, Mwende na mimi, mmoja baada ya mwingine, akaketi chini na kuanza kucheka na leso mdomoni.

Na mimi nikacheka. Nilicheka upande mmoja, upande mwingine ukavutwa kidogo, kama mbuzi anayeburutwa kwenda sokoni hataki. Ndinda aliona. Aliinuka, akageuza kioo cha ukutani, akaketi mbele yangu na kuwaambia watoto kwamba leo kuna mchezaji mpya na haruhusiwi kununa.

Basi nikawa kioo. Baadaye nikawa simba, na ninakuambia bila kujisifu kwamba Ikutha hakujawahi kuwa na simba kama mimi. Panya ndiye aliyenishinda, kwa sababu panya anafunga midomo, na yangu iliachia pengo pembeni, upepo ukitoka unapiga mluzi. Watoto waliupenda huo mluzi kuliko simba wote.

Lakini kukunja uso si kusema. Mwezi wa maembe uliingia, nimeshapewa dawa mpya kliniki, mguu umeanza kunitii, na sentensi yangu ya ntheo bado ni mluzi na mate. Watu wa Kasikeu walipiga simu kuuliza tarehe. Musembi alishonewa suti.

Siku hiyo Mwende alisema wacheze soko la mbuzi. Yeye ni mbuzi. Kioko ni mnunuzi. Mimi ni broka, maana, alisema, Umau ndiye anajua. Umau ndiyo babu kwa Kikamba. Mwende akashika chini kwa mikono na magoti na kuanza kula majani ya mwembe kutoka kwenye ndoo. Nilimshika mgongoni kama ninavyoshika mbuzi yeyote, nikampapasa kiunoni, nikaonyesha kwa mkono mzuri kwamba huyu ana nyama. Kioko alizunguka mara moja na mikono nyuma, tumbo mbele. Sijui alijifunza wapi, labda ni damu. Akainama, akafunua mdomo wa dada yake, ambaye wakati huo alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele.

"Huyu ni mzee," akasema. "Hana meno. Simtaki hata bure."

Nikuambie kitu kuhusu broka. Unaweza kunitukana mimi, unaweza kuitukana nyumba yangu. Mbuzi wangu huwezi kumwita mzee akiwa mchanga. Nikamnyooshea Kioko kidole.

"Ana… badili… meno," nikasema. "Ya… maziwa. Mbuzi… mchanga… huyu. Wewe… unajua… nini?"

Sufuria ilianguka jikoni. Mwende alisahau kwamba yeye ni mbuzi, akasimama. Ndinda alikuwa mlangoni na kikapu cha maembe, na nilimwona akikiweka chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Halafu akasema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba mnunuzi bado hajajibiwa vizuri na soko halijafungwa.

Kuanzia hapo tuliuza mbuzi kila siku. Ndinda aliweka sheria: broka akikwama, mbuzi analia, na hatanyamaza mpaka broka aendelee. Na mbuzi huyo alikuwa na mapafu. Ukikaa kimya ukitafuta neno, "meee" inakuingia sikioni mpaka neno lenyewe linaona afadhali litoke. Nilimuuza Mwende kwa wachinjaji wa kila aina, kwa wazungu, kwa mchungaji, na mara moja kwa simba, ambaye pia nilikuwa mimi. Zile sehemu tatu za sentensi ya ntheo Ndinda aliziingiza mchezoni kidogo kidogo: leo mbuzi nimewaona, wiki ijayo nimewapokea. Ile ya tatu alikuwa anairuka. Alisema itakuja yenyewe.

Musembi alikuja siku moja bila kubisha. Alinikuta niko chini kwa magoti na mikono, leso ya mke wangu kichwani kuwa manyoya, nanguruma, Kioko mgongoni. Alisimama kidogo, akaenda zake bila kunywa chai. Jioni wazee wa kanisa walifika wanne wakiimba, na mafuta ya kupaka, kwa sababu walikuwa wameambiwa akili imeondoka. Niliwakaribisha. Niliongea nao polepole, neno baada ya neno, nikamuuliza mmoja wao kuhusu mbuzi niliyemuuzia kabla ya kuugua, kama bado anakohoa. Walinitazama, wakamtazama Musembi. Wakaomba hata hivyo, kwa vile mafuta yalikuwa yameshafunguliwa.

Hata kliniki nilipeleka mambo. Benchi lilikuwa refu siku hiyo na mashine moja imegoma, watu wamechoka, na rafiki yangu wa trekta ameinamisha kichwa. Nikamgusa bega nikamfanyia simba. Alishtuka, kisha naye akafungua uso wake ulioenda kushoto. Mama mmoja aliye mbele yetu akafanya panya. Binti wa mazoezi alipotoka kuita jina langu alikuta benchi zima la watu wazima wenye presha limekunja uso. Aliandika kitu kwenye faili yangu, na sijamuuliza ni nini.

Watu wa Kasikeu walifika Jumamosi moja mawingu ya Machi yakianza kukusanyika. Walileta mbuzi wazuri. Niliwapapasa mwenyewe mmoja mmoja, na nasema wazuri, na mimi si mtu wa kusifu mbuzi wa wenyewe. Uwanja ulijaa. Musembi alikuwa mstari wa mbele na suti yake. Nikasimama na fimbo yangu, Mwende kando yangu, nikavaa kofia.

"Mbuzi nimewaona," nikasema. Ilitoka safi. Mke wangu alifumba macho.

"Nimewapokea." Ile "p" ilipasuka kama njugu kwenye moto. Watu wakaguna kwa furaha.

Kisha nikamtafuta Ndinda kwa macho. Alikuwa kati ya akina mama na gauni jipya. Nilimwona yule aliyegeuza kioo, aliyeweka kikapu chini. Na midomo ilikuwa tayari, ninakuambia, midomo ilikuwa inafanya kazi kama mpya. Ni baba wa Ndinda aliyekataa. Nilisimama tu. Mtu wa mdomo, mtu wa kuuza chochote chenye miguu minne, na hii moja nilishindwa. Watu walianza kutazamana. Nilisikia mtu akisema ugonjwa umerudi. Musembi akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

"Meee."

Nilitazama chini kwa Mwende. Mwende alikuwa amefunga mdomo, naye anashangaa. Ikaja tena, ndefu zaidi, kutoka kwa akina mama. Alikuwa Ndinda. Bibi harusi mtarajiwa, mwalimu wa watoto, amesimama wima mbele ya wakwe zake, machozi yanamtoka, uso hauna hata chembe ya mzaha, analia kama mbuzi. Na sheria ilikuwa sheria. Hakunyamaza.

"Na mtoto," nikasema, "nimewapa."

Kisu kikatoka. Akina mama wakapiga vigelegele. Katikati ya hayo yote Kioko alinivuta koti, akaniambia kwa masikitiko kwamba nimetoa haraka sana, sijaangalia hata meno. Alikuwa na haki. Nilimwita Mutuku mbele ya watu wote nikamwambia afungue mdomo. Akafungua, kijana mzuri. Yalikuwepo yote.

Sasa hivi naandika kwa simu, kwa kidole cha kushoto, kwa sababu cha kulia bado kinafikiria. Nikichoka mdomo hurudi upande kidogo, na chai nakunywa kwa uangalifu. Dawa nameza kila siku na kliniki siachi, wala wewe usiache. Soko nimerudi, Musembi ameweka suti yake sandukuni. Na nyumbani makochi bado yako ukutani.

Ndinda yuko Kasikeu. Akinipigia simu jioni hasemi halo. Analia kama mbuzi. Na mimi, ambaye siku hizi sikwami hata kidogo, hungoja kwanza nisikie mara mbili, mara tatu, ndio nijibu.